Kocha Haendi Popote

Kocha Landreneau alizima gari mbele ya nyumba ya Bi Earline, akaikariri hotuba yake mara ya nne huku akijitazama kwenye kioo.

"Mapenzi yangu kwenu hayajapungua hata chembe. Lakini kila mtu ana familia ya kulisha. Siku moja mtanielewa."

Ilikuwa hotuba nzuri. Alikwisha kuitumia katika vyuo vitatu, na kila mara ilimfikisha uwanja wa ndege kabla watu hawajaanza kuchoma fulana zenye jina lake.

Safari hii waliomtaka walikuwa Chuo Kikuu cha Llano, kule Texas. Dola milioni tisa kwa mwaka, naye hapa Louisiana, katika chuo kidogo cha Bayou Sorel, alikuwa akilipwa mbili. Ndege yao ilikuwa imetua asubuhi ileile, na mji mzima uliijua hata namba yake, ila si chuo kilichoituma. Tangu Ijumaa watangazaji wa redio walikuwa wakimuuliza, naye akiwajibu kama makocha wote wa mpira wa Kimarekani wa vyuo wanavyojibu: "Siendi popote." Katika kazi ile, anayesema hivyo masanduku yake yamekwisha fungwa. Dirisha la usajili wa wachezaji lilikuwa limefunguliwa Jumamosi, wala hakulitazama. Kazi ya kocha ajaye hiyo.

Shida ilikuwa huyu bibi. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akimwinda mjukuu wake Tavion, mrusha mpira hodari kuliko wote katika jimbo zima, Kocha alikaa mezani kwake Jumatatu moja, akamaliza sahani mbili za maharage mekundu na wali, chakula cha Jumatatu cha kwao, kisha akaweka mkono juu ya Biblia yake. "Miaka minne," aliapa. "Siku Tavion anavaa joho, mimi nimesimama pembeni yake." Bibi naye akaweka mkono wake juu ya ule wa Kocha, akaapa. Sasa ilikuwa imebaki miwili.

Akabisha hodi.

Bi Earline alifungua, akamtazama mara moja tu, akainamisha macho. "Pita, Kocha. Nilijua utakuja."

"Kumbe habari zimeshakufikia."

"Mji wenyewe huu, mwanangu? Hapa hata mbwa wanajua nani kala nini."

Ilikuwa Jumatatu tena, lakini jikoni kulikuwa kimya. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi.

"Leo sikupika," bibi alisema. "Nimpikie nani?"

Neno hilo lilimkata Kocha maini. Alikuja amejiandaa kwa matusi, si kwa sufuria tupu. Bibi alimletea kipande cha keki ya jana, akakaa upande wa pili wa meza, akawa anakunja na kukunjua pembe ya aproni.

"Tavion yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amenikasirikia?"

"Tavion? Akukasirikie wewe?" Bi Earline alipangusa macho. "Anakupenda kama baba yake. Juzi alilia hapohapo ulipokaa. Jitu la futi sita na nusu, linalia kama limeumwa na nyuki!"

Kocha aliinua macho ukutani. Picha ya Tavion akiwa na jezi namba tisa haikuwapo, umebaki msumari. Kwingine walichoma fulana zake, naye alizisoma habari hizo angani, mkononi ana glasi. Hakuwahi kukaa mezani na mtu aliyelizwa naye. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Bi Earline, kuna jambo nataka kukwambia."

"Na mimi ninalo, sijui nianzie wapi. Tuliapa, Kocha. Juu ya Kitabu. Kuvunja kitu kama kile si mchezo."

"Najua."

"Mungu anaona."

"Najua, mama. Nipe dakika mbili."

Alitoka barazani, akampigia wakala wake.

"Waambie Llano hapana."

"Rusty, umekunywa nini saa hizi? Rubani anakungoja wewe!"

"Nimesema hapana."

"Sikiliza, ukikataa wanampa yule wa pili. Leo leo. Hutarudi kesho kuniambia ulikuwa unatania."

"Wampe."

Akakata simu. Kifua kilikuwa chepesi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na hii ndiyo ahadi ya kwanza aliyoitimiza kwa hasara yake mwenyewe. Alijipenda sana dakika ile, na kwa kweli alistahili.

Akarudi ndani anatabasamu.

"Futa machozi, Bi Earline. Nilivyosema redioni ndivyo ilivyo. Siendi popote."

Bibi alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Si ndicho kinachonitesa hicho! Siku tatu nakusikia, siendi popote, siendi popote, na kila ukisema nazidi kuona haya. Makocha wengine hudanganya. Wewe ungekuwa kama wao, tungeondoka na roho nyeupe."

"Tungeondoka?"

"Tavion amesaini Jumamosi, Kocha. Ameshakwenda, na mimi nafuata wiki ijayo. Ni Llano, kule Texas. Wamempa pesa ambazo ukoo wetu wote haujawahi kuziona, na wanasema wanamletea kocha mkubwa sana, ila jina bado ni siri."

Kisha akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili.

"Mapenzi yetu kwako hayajapungua hata chembe, mwanangu. Lakini kila mtu ana familia ya kulisha. Siku moja utatuelewa."