Madebe Matatu ya Maharage

Nyumbani yalikuwa madebe matatu. Kwenye gulio la Matombo, mbele za watu, yakawa mawili na nusu.

"Panya wamekula njiani, mama," alisema Mwinjuma, mnunuzi, na watu wakacheka. Kilichomuuma Veronika si kicheko chao. Ni kwamba yeye naye alicheka, na wanawe wawili wakimwangalia. Loo, aibu ile! Wiki nzima alikwepa macho yao, maana maharage yale ndiyo yaliyokuwa sare zao za shule.

Tangu ushirika ufe, mnunuzi alikuwa huyo huyo, na pikapu yake kutoka mjini, na debe lake la rangi ya kijani. Veronika alipomweleza mumewe, Agustino hakuinua hata kichwa. Alikuwa barazani akiweka alama yake, nukta tatu za risasi ya kulehemu, kwenye kitako cha koroboi, maana Matombo nzima fundi bati ni yeye tu, na hakutaka kazi yake ichanganywe na ya mafundi wa mjini. Akamwambia aachane na matajiri, watamponza.

Mwoga mkubwa we, Veronika alisema moyoni. Mdomoni hakutoa kitu, kama ilivyo kawaida yake.

Gulio lililofuata walijitwisha debe moja moja, yeye na mabinti zake. Mwinjuma akapima. La tatu likaishia nusu.

"Panya tena, mama?"

Kicheko kikaanza. Lakini Veronika alipomwona binti yake mdogo anainamisha kichwa, akaona basi, liwalo na liwe. Akalimwaga lile debe la kijani kwenye turubai, akalinyanyua na kupitisha kidole ubavuni, chini ya ile rangi.

"Kaka Mwinjuma, mimi si mjinga. Debe hili limeungwa. Limeongezwa kimo, vidole vinne!"

Kicheko kikakatika. Maishani mwake alikuwa hajawahi kusikilizwa hivyo. Akaligeuza juu chini, kitako kikawaelekea watu, wakione wenyewe.

"Na fundi aliyeifanya kazi hii hana haya. Angekuwa hapa ningemtemea mate."

Watu walitazama kitako, kisha wakatazama chini. Mwinjuma alikuwa anatabasamu.

"Mama, shusha," binti mkubwa alinong'ona.

Veronika akaligeuzia kwake. Nukta tatu za risasi, zimepangwa vizuri.