Mama Ngiri Achunwa Uso

Sogeeni karibu, niwasimulie habari za Mama Ngiri, aliyeona haya kwa vinundu vya uso wake. Bintiye Tunu alikuwa anaolewa Ijumaa, na mama mtu alitaka kung'aa mbele ya wakwe. Akamwendea Mjusi, fundi wa kuchuna ngozi ya juu ili mpya itokee.

"Tulia, shoga, hata mimi hujichuna," Mjusi akasema huku akimpaka utomvu mkali wa maganda ya korosho. "Utawashwa kidogo. Ila usiende juani siku saba!"

"Siku saba? Harusi keshokutwa, tena mchana!"

"Mbona hukusema kabla sijakupaka?"

Ijumaa ngoma zikalia. Mama Ngiri, uso umembabuka na kuwa mwekundu, akabaki shimoni mwake akilia.

Tunu alipoona mamake hayupo, akaacha msafara wa harusi, akarudi mbio. Akavua kanga yake ya harusi, akamfunika mamake kichwa kizima.

"Twende, mama."

"Lakini uso wangu hawatauona!"

"Mimi naujua."

Walipofika harusini, wakwe wakanong'ona, "Nani yule kajifunika gubigubi?"

"Mama yangu," Tunu akajibu. "Bila yeye siolewi."

Hakuna mgeni aliyeuona uso ule, wala aliyemsahau mama wa bibi harusi.