Muhanga Aliyetaka Kimya

Alikuwapo Muhanga mmoja ambaye radi ilipiga karibu na shimo lake, na tangu siku hiyo masikio yake hayakuacha kuvuma. Hata njiwa akipiga mabawa, yalimuuma.

Ukame ulipokuja, wanyama wote walihamia kwenye maporomoko ya maji. Jirani yake Nungunungu alimpitia.

"Dada, twende. Hapa patabaki patupu."

"Ngurumo ya maji yale itaniua," alijibu Muhanga. "Nyie nendeni. Mimi nataka kimya."

Alikipata. Siku ya kwanza alilala vizuri. Siku ya pili hakusikia ndege wala nyenje, na ule mvumo ukazidi. Siku ya tatu ulimtoka kichwani, ukaanza kusikika kwenye mashimo ya majirani, kama mtu anayeita. Muhanga alichungulia shimo moja baada ya jingine. Yote yalikuwa matupu, na yote yalimwita.

Alikimbia bila kugeuka hadi maporomokoni, akaziba masikio kwa nyasi.

"Yanauma?" Nungunungu alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Yanauma sana," alisema Muhanga, akimsogelea. "Lakini kelele za huku zina mwenyewe."