Anthia wa Wake Wawili

Makame aliwatambia wenzake barazani kwamba nyumbani kwake hata samaki hawagombani. Si utani: sheria ilimtaka kila mwenye kutafuta mke wa pili aweke kwanza anthia wa aina mbili, vile visamaki vya matumbawe, katika tangi moja sebuleni. Mwezi ukiisha wote wazima, anaozeshwa.

Wa rangi ya chungwa walikuwa wa mkewe, Mwanaidi. Wa zambarau waliletwa na mchumba.

Asubuhi ya ukaguzi, mmoja wa chungwa alikutwa amekufa nyuma ya jiwe, hana jeraha, tumbo limebonyea. Makame akamchopoa kwa upawa, akamtia mfukoni, akatumbukiza mwingine aliyekuwa amemficha kwenye ndoo. Bwana harusi mzima, ananyata kama paka wa jikoni.

"Yule aliogopa kutoka kula," Mwanaidi alisema mlangoni. "Wale wageni walikuwa wakimfukuza. Nilikuwa nikimtazama, Baba Raya."

"Mbona hukuniambia?"

"Na mimi mara ya mwisho umeniona mezani lini?"

Makame alijaribu kukumbuka, akashindwa. Mkaguzi akabisha hodi, na Mwanaidi ndiye aliyekwenda kumfungulia.