Nyumba na Bibi Ndani Yake

Fundi Sofa aligonga mlango, akarudi nyuma kidogo, akasubiri kukaribishwa kama wenzake. Shati alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, na mfukoni alichomeka kalamu mbili ambazo hakujua ni za kazi gani.

"Karibuni," alisema mama mwenye nyumba. Aliwapa mkono wageni wote, isipokuwa fundi.

Wageni wenyewe walikuwa wawekezaji wa kweli. Mbele alikuwa Maghorofa, mzee wa kitambi, mwenye majengo marefu ambayo hata yeye hajawahi kupanda hadi juu. Nyuma yake alikuja Mama Maduka, ambaye akiona ukuta wa mtu huuliza papo hapo ukivunjwa yatatoka maduka mangapi. Dalali aliwatangulia akisifia kila kitu, hadi swichi ya taa.

Tangu mwaka uanze, fundi alikuwa akihudhuria kikao cha wawekezaji kila Jumamosi mgahawani. Pale palikuwa na meza mbili. Meza kubwa ilikuwa ya walionunua nyumba. Meza ndogo, karibu na mlango wa choo, ilikuwa ya wanaotarajia. Huko wanaotarajia walipeana kadi za biashara wao kwa wao, wakaishiwa cha kupeana. Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani, kuketi meza kubwa. Kilikuwa kimeanza kumkondesha.

Siku moja Maghorofa, akitoka kunawa mikono, alimwonea huruma.

"Bwana mdogo, watu hawajuani hapa chooni. Nenda panapouzwa nyumba. Simama nasi, sikiliza tunavyouliza, tuizoee sura yako."

Tatizo ni kwamba mtaani kwa fundi hapakuwa na nyumba iliyokuwa ikiuzwa. Wiki iliyofuata ikapatikana moja. Mkewe alinuna siku nzima, halafu akakubali kwa sharti moja: atazame, asikilize, asifungue mdomo.

Sebuleni Mama Maduka alijitupa kwenye sofa, akajirusharusha.

"Eh! Hii kazi ya nani?"

"Ya fundi hodari sana," alisema fundi kabla hajajizuia. Mama mwenye nyumba akakohoa.

Mlango wa jikoni ulimshinda dalali. Alivuta, akasukuma, akatabasamu kwa aibu. Fundi aliunyanyua kidogo, akaupiga goti mahali fulani, ukafunguka.

"Milango ya zamani ndivyo ilivyo," alieleza.

"Wewe una jicho," alisema Maghorofa, na fundi akavimba kichwa pale pale.

Chumba cha nyuma walimkuta bibi kizee ameketi kitandani, anashona kifungo.

"Na huyu?" Maghorofa alimuuliza dalali.

"Huyu ni bibi."

"Naona ni bibi. Anahama lini?"

"Sihami," alisema bibi, bila kuinua uso.

Maghorofa akataja bei yake, akaipunguza hapo hapo kwa sababu ya bibi. Mama Maduka akasema bibi si neno, wataanza kuvunja upande wa barabarani, wamfikie yeye polepole. Fundi damu ilimpanda. Sharti la mkewe lilimtoka kichwani.

"Mimi naongeza," alisema.

Wote waligeuka. Dalali, ambaye hajawahi kusikia neno tamu kama hilo, alitangaza kwamba mwenye bei ya juu ndiye mwenye nyumba, na kwamba kamisheni yake anachukua pande zote mbili, kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Asije mtu akamletea maneno baadaye.

Mama Maduka aliongeza. Fundi akampita. Mama Maduka akaguna, akarudi kwenye sofa. Maghorofa hakuzoea kushindwa na mtu wa meza ya chooni, akapandisha. Fundi naye akapandisha. Wakapandishana hadi dalali mwenyewe akatafuta pa kukaa. Kisha Maghorofa akataja bei iliyomfanya mama mwenye nyumba ashike mdomo kwa mikono miwili.

"Mpeni mzee!" alisema. "Jamani, hapo patosha, mpeni mzee!" Alimtazama fundi kwa macho ya kuomba.

Fundi hakumwona. Aliiona meza kubwa, na kiti kimoja kitupu.

"Napita hapo," alisema. "Na nachukua nyumba na bibi ndani yake."

Maghorofa akacheka mpaka kitambi kikacheka naye, akampa mkono.

"Mimi bibi kanishinda, wewe unamchukua! Jumamosi njoo meza kubwa. Kiti nitakuvutia mimi mwenyewe."

Fundi nusura alie kwa furaha. Wawekezaji walitoka wakimpigapiga mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Dalali alitoka wa mwisho, akaahidi kupita asubuhi kuchukua chake, kote kuwili.

Mama mwenye nyumba akafunga mlango, akauegemea. Fundi akavua viatu, akavisukuma chini ya kabati, vinapokaa siku zote.

"Nilikwambia usifungue mdomo," alisema mkewe.

"Mwanangu," bibi akaita kutoka chumba cha nyuma, "kwa bei ile ya yule mzee, si ungemwachia tu? Hata mimi ningehama."