Faili Linatumika

Tangu Badi afariki, hakuna aliyeweza kufungua hesabu za kiwanda chao cha mikate. Programu ilidai faili la kampuni halionekani. Bila hesabu hizo leseni isingehuishwa, na tanuri zingezimwa. Raya, mjane wake, alipekua kompyuta ya dukani folda moja baada ya nyingine, shemeji yake Nasibu akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Mwishowe akaliona. Badi alikuwa amelihamishia kwenye kompyuta ya ofisini kwake, iliyounganishwa na hii kwa waya. Raya akabofya.

Skrini ikaandika: "Badi anatumia faili hili. Subiri alifunge."



"Kompyuta yake haijazimwa, shemeji," Nasibu alisema. "Siku ile tulipombeba, tulifunga mlango tu. Mimi mle siingii."

Raya akachukua ufunguo, akaenda peke yake. Ofisini mlinukia unga na manukato ya marehemu. Kompyuta ilikuwa ikinguruma taratibu, kama mtu aliye usingizini. Alipogusa kipanya, skrini ikawaka kwenye orodha ya manunuzi. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno ambalo mumewe hakuwahi kulimaliza: "hami".

Akaketi kwenye kiti cha Badi. Akaongeza herufi mbili, ikawa "hamira".

Alipobofya kufunga, programu ikauliza kama ahifadhi na kumtoa Badi.

"Umelifunga, shemeji?" Nasibu aliita kutoka dukani.

"Bado kidogo," Raya alijibu kwa sauti ya chini, kidole kikiwa juu ya kipanya.