Sauti ya Tano

"Mama watoto, hebu njoo usikie," fundi saa alimwita mkewe. "Leo nimeipata."

Wiki nzima alikuwa anahangaika na kinanda, akitafuta namna ya kupatanisha sauti za jazi zimsisimue mtu. Majaribio yake ya jana aliyarekodi kwa tepurekoda kuukuu ya mikanda, aliyoifufua mwenyewe. Asubuhi hii alipousikiliza mwanzo wa mkanda, vinyweleo vilimsimama.

Mkewe alikuja na mikono yenye povu la sabuni. Sauti nne za kinanda zikalia pamoja, kisha ya tano ikapanda juu yake, nyembamba, ikakifungua chumba kama dirisha.

"Hiyo ya juu ndiyo siri yenyewe," fundi alisema, akatandaza vidole kwenye kinanda amwonyeshe.

Vidole vilitua kwenye sauti nne tu. Ya tano hakuipiga yeye.

Hapo akakumbuka ya jana. Alinyoosha mkono aizime tepurekoda, akachelewa.

"Wewe huko jikoni, hebu nyamaza," tepurekoda ilisema kwa sauti ya fundi mwenyewe. "Unaniharibia muziki."

Sauti ya tano ikakatika.

Fundi uso ukamshuka. Povu lilidondoka sakafuni.

"Nisamehe, baba," mkewe alisema. "Sikujua unarekodi."